Baruti Chini ya Chumvi ya Ng'ombe

Rahema alikuwa na bucha pale Maua, karibu na mahali pickup za miraa hupakia, na chini uwandani, upande wa Kinna, alikuwa na boma la mbuzi na ng'ombe aliloachiwa na marehemu mumewe, Idrisi. Boma lilikuwa na mchungaji, Mutembei, mwanamume wa makamo mwenye goti bovu. Lilikuwa pia na fisi. Ni fisi hao waliomfanya mjane wa miaka hamsini na minane, mwenye presha na miwani ya kusomea, awe na bunduki.

Idrisi alipofariki, watu walidhani bunduki yake ya mitutu miwili ingerudishwa serikalini na mambo yaishe. Rahema hakukubali. Alijaza fomu kwa jina lake mwenyewe, akapigwa picha, akachukuliwa alama za vidole, akatafuta barua ya chifu, barua ya daktari na barua ya imamu. Kwenye kaunta moja karani alimwambia, "Mama, hii si mwiko wa ugali." Rahema akamjibu kwamba mwiko anao tayari, ndiyo maana hajaja kuuomba. Ilimchukua miezi minane. Laisensi ilipotoka, aliinunulia jaketi la plastiki, akaihifadhi pamoja na cheti chake cha ndoa.

Tangu siku hiyo hakuwahi kufanya mchezo nayo. Bunduki ililala katika sefu la chuma chumbani mwake, nyuma ya bucha, na iliteremka uwandani pale tu alipoteremka yeye, siku tatu kila wiki. Fisi wakikaribia, alifyatua hewani mara moja, nao wakatawanyika. Katika miaka saba alikuwa amefyatua risasi kumi na saba, na kila moja ilikuwa imeandikwa katika kitabu alichopewa pamoja na laisensi, ambamo duka nalo huandika risasi anazonunua, tarehe na sababu: fisi, fisi, fisi, nyani, fisi. Akibakiwa na chache alikwenda duka la bunduki Meru mjini, akanunua kumi, akarudi. Hakuhitaji zaidi.

Kisha likaja tangazo kwamba wenye bunduki wote wa kiraia watapigwa msasa upya. Tangazo lenyewe lilikuwa fupi: mje na bunduki, mje na vitabu, masefu yenu yatakaguliwa. Lakini tangazo lilipopita kwenye simu za watu lilinenepa. Mara sauti ya mtu asiyejulikana ikasema kuanzia Januari hakuna atakayeuziwa risasi zaidi ya tano kwa mwaka. Mara nyingine ikasema maduka yote yatafungwa. Shemeji yake, Abdilatif, mdogo wake Idrisi, alimtumia Rahema ujumbe huo mara nne kwa siku moja, na mara ya nne akaongeza: "Shemeji, amka!"

"Nimeamka tangu alfajiri nachinja," Rahema alimwandikia.

Kwa bahati mbaya siku zile alikuwa amebakiwa na risasi sita. Akasema, wacha niende Meru kama kawaida. Alipofika dukani alikuta foleni imetoka nje hadi kwenye duka la viatu lililo jirani. Walikuwepo wakulima wa ngano kutoka Timau, walikuwepo wenye mashamba ya mahindi wanaosumbuliwa na nyani, na alikuwepo mzee mmoja aliyekiri wazi kwamba bunduki yake imeharibika tangu mwaka wa tisini na sita, lakini risasi ni lazima awe nazo. Rahema alisimama saa tatu juani. Zamu yake ilipofika, muuzaji, kijana mrefu aitwaye Lennox, alikuwa amekauka sauti.

"Kumi tu, kama siku zote," Rahema alisema.

"Zimeisha, mama."

"Zimeishaje?"

"Zimeisha. Zile kubwa zote zimeenda. Nimebaki na zenye marisau madogo, vipunje vile vya kwale."

"Mimi nina fisi, Lennox. Sina kwale."

Lennox alifungua mikono. "Mama, wanasema zitapigwa marufuku. Mimi mwenyewe sijaona karatasi yoyote. Nikiwaambia hivyo wananiangalia kama mimi ndiye serikali."

Rahema alirudi Maua mikono mitupu, nauli imekwenda, siku imekwenda, na kichwa kinamgonga. Lililomkera zaidi ni kwamba hakuna aliyekuwa amepiga marufuku chochote. Waliomaliza risasi dukani ni wale wale waliokuwa wakilia kwamba risasi zitaisha.

Jioni hiyo Abdilatif alimpitia buchani. Alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, mwenye malori mawili ya kusafirisha miraa na bunduki moja ya kuwindia kanga aliyokuwa akiisifu kuliko watoto wake. Aliagiza supu, akanywa, akapangusa mdomo, kisha akainama.

"Shemeji, mimi nimefika kikomo cha kitabu changu. Hawaniuzii tena. Wewe una nafasi nyingi. Niazime kitabu chako niende Nanyuki nichukue mia, tugawane."

"Kitabu kina jina langu."

"Ndiyo, lakini wewe hutumii."

"Sitakupa, Abdi."

"Hata hamsini?"

"Hata moja. Kitabu hicho nilikipata kwa miezi minane. Wewe chako ulikipata kwa siku ngapi?"

Abdilatif alicheka, akasema shemeji yake ana roho ngumu kama marehemu, akaondoka. Rahema alidhani yameisha.

Wiki moja baadaye lori la Abdilatif lilisimama nyuma ya bucha, na vijana wa lori wakashusha magunia matano ya chumvi ya ng'ombe. Abdilatif alisema lori lilikuwa linarudi tupu, akaona lisirudi hivi hivi, na mifugo ya kaka yake ni mifugo yake. Rahema aliguswa. Alijilaumu kimoyomoyo kwa maneno makali aliyomwambia. Magunia yakapangwa katika stoo, chumba cha mbao kilichoegemeana na jiko ambamo supu ya makongoro huchemka tangu alfajiri mpaka saa nane. Alimpikia pilau, akampakia nyingine ampelekee mkewe, Aminah.

Magunia yalikaa hapo wiki tatu.

Ikabaki siku moja kabla ya ukaguzi. Kituo cha polisi kilikuwa kimempigia: Inspekta Misheck angefika kesho saa nne kuangalia sefu na kuhesabu risasi. Rahema hakuwa na wasiwasi, alikuwa na uchovu tu. Mutembei alikuwa amepanda mjini kuchukua chumvi, na alipoinua gunia la tatu alilishusha haraka.

"Mama, hili lina vyuma."

"Chumvi haina vyuma, Mutembei."

"Basi njoo usikie."

Alilitikisa kidogo. Likalia kama sanduku la fundi. Wakalikata uzi. Juu kulikuwa na chumvi kiasi cha ndoo moja. Chini yake kulikuwa na mashine ya chuma yenye mkono wa kuvuta, ya kujazia risasi upya. Kulikuwa na mifuko ya plastiki iliyojaa maganda ya risasi zilizokwisha kutumika, mamia. Kulikuwa na vikopo vya marisau, vizito kama mawe, na kisanduku cha fataki, vile vidude vidogo vinavyowasha risasi. Mwisho, likiwa limefungwa kwa fulana kuukuu, kulikuwa na debe la baruti.

Rahema aliliangalia debe. Kisha akauangalia ukuta wa mbao. Ng'ambo ya ukuta huo, hatua mbili kutoka pale aliposimama, makaa yalikuwa yakiwaka chini ya sufuria ya makongoro, kama yalivyowaka kila siku kwa wiki tatu. Akakaa juu ya gunia la chumvi, kisha akakumbuka anakalia nini na akaruka.

"Zima jiko," alisema. "Mwaga maji, usimwage supu. Hapana, mwaga hata supu."

Nje wateja walikuwa wakigonga kaunta. Mwalimu mmoja aliuliza kama nyama ipo. Rahema akamwambia nyama ipo ila bucha imefungwa. Mwalimu akauliza mbona imefungwa na iko wazi. Rahema alivuta mlango wa chuma mpaka chini, mwalimu akabaki na swali lake.

Akampigia shemeji yake.

"Abdi, kuna nini kwenye chumvi yangu?"

"Shemeji, usiyataje hayo kwenye simu."

"Kuna nini kwenye chumvi yangu?"

"Ni ya muda tu. Nilinunua kwa mzee Salesio wa Timau, zamani alikuwa akimjazia risasi bosi wake, mzungu wa ngano. Kitu safi kabisa. Wakifunga maduka, sisi tunajaza zetu nyumbani. Mimi najifikiria mimi na wewe."

"Kwa nini hukuweka kwako?"

"Kwangu wanakuja kukagua Jumatatu."

Rahema aliiondoa simu sikioni, akaiangalia kama kwamba ndiyo iliyosema. "Na kwangu wanakuja kesho!"

"Kesho? Hukuniambia."

"Kwa nini nikuambie?"

"Sasa sikiza, usishtuke. Mimi niko Embu, siwezi kufika leo. Ile baruti mwaga kwenye choo. Mashine zika. Maganda hayana shida."

"Nimwage baruti kwenye choo ambacho vijana wangu wa bucha huvutia sigara?"

"Basi mwaga mtoni."

"Mtoni ng'ombe wanakunywa maji!"

"Shemeji, unaona sasa, wewe kila kitu unakataa."

Rahema alikata simu. Hofu ilikuwa imepita. Kilichobaki kilikuwa mori, tena ule wa mtu aliyechoshwa. Miezi minane ya fomu, miaka saba ya kuandika fisi, fisi, nyani, fisi, na sasa aende jela kwa kupenda magunia ya bure. Mutembei alijitolea kubeba kila kitu mpaka uwandani na kukitupa kwenye pango la nguchiro.

"Ukikamatwa njiani na debe la baruti mgongoni utasema nini?"

Mutembei alifikiria. "Nitasema ni chumvi."

"Kaa hapa," Rahema alisema. "Usiwashe hata sigara. Mtu akija, mwambie nimekufa."

Alijitanda leso, akachukua laisensi na kitabu, akatembea mpaka kituoni. Inspekta Misheck, mtu wa Mbeere mwenye sauti ya chini, alikuwa anakula githeri mezani kwake. Alipomwona alifikiri amekosea siku.

"Mama, miadi yetu ni kesho."

"Najua. Nimekuja kukuambia leo kitakachokuwa dukani mwangu kesho, ili usije ukakiona mwenyewe ukanifikiria vibaya."

Akamweleza. Misheck aliweka kijiko chini taratibu. Kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, alisema, na kuhifadhi vifaa vyake pia si jambo dogo. Ni vya nani?

Hapo ndipo Rahema alipokwama. Njiani kote alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Aliiona sura ya Idrisi hospitalini Nkubu, akimwambia amwangalie mdogo wake, ana moyo mzuri ila hana breki. Alifumba macho.

"Mwenyewe nitakuletea kesho, kwa miguu yake."

"Mama, haifanyi kazi hivyo."

"Inspekta, tangu mwezi uliopita hakuna kitu kinachofanya kazi vile kinavyopaswa. Nimesimama foleni ya risasi zilizonunuliwa na watu wasiokuwa na bunduki inayolia. Nimepewa chumvi yenye vyuma. Nimepika supu wiki tatu kando ya baruti. Kwa nini kwako tu ndiko kila kitu kifanye kazi vizuri?"

Misheck hakucheka, ingawa mdomo wake ulitaka. Alivuta karatasi. "Andika taarifa. Ukiacha jina, vifaa ni vyako. Ndivyo ilivyo. Siwezi kukusaidia kwa njia nyingine."

Rahema aliandika. Aliandika jina lote, Abdilatif na la baba yake, kwa herufi zilizonyooka. Kisha pale pale mbele ya Inspekta akapiga simu.

"Abdi, nimekutaja polisi."

Alichosema Abdilatif, mpaka leo Rahema hajamsimulia mtu yeyote. Kilichukua dakika mbili na kilihusu zaidi mama zake. Alipomaliza, Rahema akamwambia: "Umemaliza? Sasa chagua. Unaweza kukimbia, nami nitafungwa, na Aminah ataniletea uji. Au unaweza kuja."

Polisi walikuja kuchukua gunia kabla ya magharibi, wawili wakilibeba kama mtoto mchanga. Walichukua pia bunduki ya Rahema na risasi zake sita, kwa sababu uchunguzi ukianza, kila kitu kinaingia ghala la kituo mpaka uishe. Alitia sahihi mahali pa kutia sahihi. Hakuna aliyemwambia lini ataipata.

Abdilatif alikuja. Alifika kesho yake asubuhi, saa mbili, macho mekundu, bado amevaa kofia ya safari, akapita mbele ya Rahema kwenye benchi la kituo bila kumsalimu. Lakini alipoulizwa, alisema kweli. Alisema vitu ni vyake, alivinunua mwenyewe, alivificha mwenyewe, na kwamba mama huyu hakujua kitu, hata alimpikia pilau. Lile neno pilau alilisema kwa uchungu sana, na askari aliyekuwa akiandika akauliza kama aliandike.

Kesi yake ilichukua miezi mitatu. Alipigwa faini, bunduki yake ya kanga ikachukuliwa moja kwa moja, laisensi ikafutwa. Mzee Salesio wa Timau naye alitembelewa, akaonywa, na kwa kuwa alikuwa na miaka themanini na mbili, akaachwa akae na kumbukumbu zake.

Miezi hiyo mitatu, Rahema alikwenda kituoni kila Jumanne. Faili iko Meru, aliambiwa. Akaenda Meru. Faili imepelekwa Embu, kwa sababu jopo la msasa la eneo zima linakaa huko. Akapiga simu Embu. Faili haijafika. Uwandani fisi hawakusubiri faili. Wiki ya kwanza walikuja wakasimama mbali, wakisikiliza. Wiki ya pili walisogea. Mutembei alipiga mabati, akawasha moto, akapiga kelele mpaka koo likapasuka. Kufikia mwezi wa tatu walikuwa wamechukua mbuzi kumi na mmoja na ndama wa Mwekundu, ng'ombe aliyependwa na Idrisi kuliko wote. Mutembei alimletea ngozi ya ndama huyo, au kilichobaki. Rahema aliipokea mlangoni, akauliza kama Mutembei amekula.

Nyumbani mambo hayakuwa bora. Aminah aliacha kumsalimu. Shangazi wa mume alituma ujumbe kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume hajui thamani ya ndugu. Kwenye harusi ya Sahal, mtoto wa jirani yao, Rahema aliketi peke yake kwenye meza ya watu wanane na kula mahamri ya wote.

Hatimaye aliitwa Embu. Ukumbi ulijaa wanaume wenye mafaili. Jopo lilikuwa la watu watatu, na aliyekuwa katikati alifungua kitabu chake, akageuza kurasa mbele na nyuma, akainua macho.

"Miaka saba, risasi kumi na saba. Umebaki na sita. Wenzako hapa wana mia, mia mbili. Kwa nini wewe una sita?"

"Kwa sababu hao wenye mia walizimaliza dukani kabla sijafika."

Mmoja wa watatu alikohoa. Wa katikati akaendelea na orodha yake.

"Umewahi kuwa na mzozo wa kifamilia katika mwaka mmoja uliopita?"

Rahema alitaka kujibu kwa adabu. Alifungua mdomo, na badala ya jibu kikatoka kicheko, kicheko kibaya kisichokuwa na furaha, kilichomtoa machozi mpaka akavua miwani. Walimpa maji. Alipotulia aliwasimulia yote, kuanzia foleni hadi ndama, bila kuruka kitu, na bila kuuliza kama wana muda. Wanaume waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walisikiliza, na baadhi yao walianza kuangalia viatu vyao.

Alirudishiwa bunduki baada ya wiki mbili, pamoja na zile risasi sita zikiwa kwenye bahasha ya kaki. Januari ilikuja ikapita. Risasi hazikupigwa marufuku.

Siku ya Idd Abdilatif alikuja nyumbani kwake, bila simu, bila kubisha, amebeba mkungu wa ndizi. Alikuwa amekonda kidogo. Alikaa pale alipozoea kukaa, akala biriani sahani mbili, akauliza habari za mifugo. Rahema alimweleza kuhusu ndama. Abdilatif alitikisa kichwa, macho yakamlengalenga, na Rahema aliona kwamba alikuwa anahuzunika kweli, kwa moyo wake wote ule usio na breki.

"Maskini Mwekundu," alisema. Akajilamba vidole, akafikiri. "Lakini shemeji, na wewe. Ungenipa tu kile kitabu mwanzoni, haya yote yasingetokea."

Rahema alimwangalia. Maneno yalimjia mengi, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kimeru, mengine ambayo hayana lugha. Akaona hayatatosha. Akainuka, akachukua sahani ya Abdilatif, akaenda jikoni kuosha vyombo, na kwa muda mrefu hakuna kilichosikika kutoka huko isipokuwa masufuria.